Mrija wa Binamu Yangu

Leo hakuna mzaha, wasee. Binamu yangu ana mrija kichwani. Ukimpapasa nyuma ya sikio unausikia chini ya ngozi, unashuka shingoni hadi tumboni. Alizaliwa mzima, akaugua vibaya akiwa mchanga, kichwa kikaanza kukua. Majirani wakasema ni laana. Laana gani? Ni maji ya ubongo yamekosa njia. Madaktari wanaiita haidrosefalasi.

Huo mrija ni shanti. Uko poa hadi siku uzibe. Wake uliziba akiwa na miaka minne, saa nane usiku, na shangazi anakaa Lodwar. Mtoto anatapika, macho hayafunguki vizuri, na daktari wa kumpasua yuko Eldoret. Walifika kesho yake jioni. Alipona, lakini ile sauti ya shangazi kwa simu bado ninayo.

Ndio maana niliposoma kuhusu Mbale nilikasirika. Mbale ni hapo tu Uganda, ukivuka Malaba si mbali. Miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf alianza kuingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, anatoboa kitundu maji yapate njia nyingine, halafu anachoma tishu zinazoyatengeneza ili yapungue. Akimaliza, hakuna mrija unaobaki.

Si muujiza lakini. Kitundu pia hujifunga, ila mara nyingi ni miezi ile ya kwanza. Utafiti wa hapo hapo Mbale, uliotoka 2017, ulichukua watoto 100 wa chini ya miezi sita ambao maji yao yalitokana na maambukizi, wakagawanywa kwa kura. Kitundu kilifeli kwa asilimia 35, mrija 24, tofauti ambayo kwa watoto wachache hivyo inaweza kuwa bahati tu. Baada ya mwaka wakapimwa akili: karibu sawa.

Sasa kama akili zinatoka sawa, mimi swali langu ni moja: ikiharibika usiku, daktari yuko wapi? Wa Nairobi hata mrija atasurvaivu nao. Wa Lodwar je? Si kila mtoto anafaa kutobolewa, sawa, lakini shangazi hata hakuambiwa kuna njia mbili. Alionyeshwa pa kuweka sahihi.

Binamu ana miaka tisa sasa, na ni mjanja. Akisema kichwa kinamuuma, hata kama anakwepa shule tu, shangazi anaanza kuhesabu nauli.