Sufuria Moja, Dada Wawili

Hebu jiulize, msomaji: ukiondoa harusi, misiba na sikukuu, mara ya mwisho wewe na ndugu yako kufanya jambo pamoja ilikuwa lini? Sisemi kutumiana salamu kwenye simu, wala kuchangiana ada za watoto. Nasema jambo jipya, ambalo hakuna kati yenu aliyewahi kulifanya.

Mimi na mdogo wangu tungeulizwa hivyo mwanzoni mwa 2024, tungebaki tunatazamana. Nimempita miaka tisa, na yeye ndiye kitinda mimba wa mama. Nilipokwenda sekondari ya bweni alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Nilipoolewa alikuwa kidato cha tatu. Yaani tulilelewa nyumba moja kule Tanga, lakini kwa zamu. Mimi nilimjua kama mtoto wa kubebwa mgongoni na kutumwa dukani. Yeye alinijua kama dada mkubwa anayekuja na zawadi na maagizo. "Shikamoo dada." "Marahaba, shule vipi?" Basi, mazungumzo yameisha.

Halafu akapata kazi Dar es Salaam, akahamia kwetu Tabata kwa muda, mpaka apate chumba. Hakumaliza hata mwezi. Siku moja mezani, mume wangu akiwa ndiyo kwanza anajipakulia, akatangaza: kuanzia leo sili nyama, samaki, mayai wala maziwa.

"Shem," mume wangu akamwambia, "sasa utakula nini, nyasi?"

Tukacheka mpaka basi. Yeye hakucheka.

KUKU KAKUKOSEA NINI?

Mdogo wangu ni mkaguzi wa hesabu. Ofisi yao ilikuwa imemtuma kukagua vitabu vya kampuni moja inayoangua vifaranga. Huko ndiko alikojua jambo ambalo wengi wetu tunaokula chipsi mayai hatulijui. Vifaranga madume wa kuku wa mayai hawana soko. Hawatagi, na hawanenepi upesi kama kuku wa nyama. Kwa hiyo katika biashara hiyo, sehemu nyingi duniani, huuawa siku ileile wanayoanguliwa.

"Dada, kwenye vitabu ilikuwa namba tu," aliniambia usiku ule. "Nikaweka tiki. Halafu mchana wakatuletea chakula, wali na mayai."

Wenye msimamo kama wake huitwa vegani. Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake walioanzisha chama chao. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno la Kiingereza la mtu asiyekula nyama. Tofauti ni kwamba asiyekula nyama anaweza kunywa maziwa na kula mayai, lakini vegani hagusi chochote kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Si dini wala si ugonjwa. Ndiyo maana watu wa kwetu wanapata shida nayo. Ukisema daktari amekukataza nyama, kila mtu anakuonea huruma. Ukisema umeacha mwenyewe, wanadhani unawasema.

Mtu mmoja hakuona hata kidogo cha kuchekesha, naye ni mama.

Tulikwenda Tanga mwisho wa mwezi ule. Mama alikuwa ameamka alfajiri kufuata changu wabichi, akapika mchuzi ule ambao tangu utoto tunaupigania hadi mfupa. Mdogo wangu akasema kwa adabu zote kwamba hatakula. Mama akamtazama. "Sasa mwanangu, samaki naye kakukosea nini?" Alipojibiwa, hakusema kitu. Akanawa mikono, akaondoka kwenye mkeka. Baadaye nilimkuta jikoni. "Mtoto akikataa mkono wangu," akaniambia, "kanikataa mimi."

Miezi iliyofuata simu zao zikawa fupi. Mama alinipigia mimi, akasema msalimie mdogo wako, wakati mdogo wangu amekaa pembeni yangu anasikia. Ukiwa dada mkubwa, hapo unakuwa daraja, na kila mtu anapita juu yako.

MKATABA WA JUMAMOSI

Wazo lilikuwa lake. Kila Jumamosi tupike pamoja chakula kimoja kisicho na kitu cha mnyama, na kila mwezi tufanye jambo moja ambalo sote wawili hatulijui. Nilikubali, na sababu yangu kubwa ilikuwa hofu. Nilitaka kuona kwa macho yangu anakula nini, asije akaanguka ofisini.

Nilikwenda naye kwa daktari, na maelezo yake naomba uyashike. Vitamini B12 huipati kwa uhakika kwenye mimea, iwe mchicha au maharage. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama lazima aipate kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, kwa sababu upungufu wake huharibu damu na neva, tena polepole, bila kelele. Madini ya chuma yamo kwenye maharage, dengu na mboga za majani, ila mwili unayapokea vizuri zaidi ukila pamoja na ndimu, chungwa au nyanya mbichi. Chai isubiri, usiinywe na mlo. Tangu hapo vidonge vyake vinakaa karibu na chumvi, na mimi ndiye askari wa kuvikumbusha.

Jikoni sasa! Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na nadhani walikuwa wamechungulia wanawake wawili kwenye jiko moja. Mimi napika kwa jicho. Yeye anapima kila kitu, mpaka chumvi. Lakini hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea: kwenye chakula hiki ukubwa wangu haukuwa na maana. Nilikuwa mwanafunzi kama yeye. Tulijaribu kutengeneza tofu. Unaloweka soya usiku kucha, unasaga, unachuja maziwa yake, unayachemsha, unatia ndimu yagande, kisha unakamulia kwenye kitambaa na kuyawekea jiwe. Mara mbili ilitoka kama uji. Ya tatu ikashikamana, tukaikaanga na vitunguu na pilipili manga, tukapigana busu jikoni kama tumefunga goli.

Tulizunguka pia. Mitaa ya Kisutu, katikati ya jiji, ina migahawa ya Wahindi wasiokula nyama, na huko tulijifunza swali la kuuliza kabla ya kuagiza: humu mna samli au mtindi? Kwenye mgahawa wa Kihabeshi tulikuta mambo rahisi zaidi. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga siku nyingi za mwaka, zikiwemo Jumatano na Ijumaa, na katika mfungo hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Kwa hiyo ukiomba chakula cha mfungo, unaletewa injera ya unga wa tefu, na juu yake dengu, shiro, kabichi na mboga za kila rangi. Sahani ni moja, mnakula kwa mikono wote wawili. Mdogo wangu akakunja tonge akanilisha, kama desturi yao ilivyo. Tangu azaliwe, mimi ndiye niliyekuwa namlisha yeye.

MANENO YANAYOTOKA UKICHAMBUA MCHICHA

Kuna mazungumzo hayawezekani mkitazamana usoni. Lakini mkiwa mmeinamia ungo, mikono ina kazi, yanatoka yenyewe.

Jumamosi moja, tukichambua mchicha, akaniambia kwamba nilipokwenda bweni alidhani nimegawiwa kwa watu wengine. Hakuna aliyemweleza kitu, alikuwa mdogo mno. Alilala na kanga yangu mpaka ikapoteza harufu. Nilikuwa nasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, miaka zaidi ya ishirini baadaye.

Na mimi nikamwambia jambo ambalo, ukiacha mume wangu, hakuna mtu wa nyumbani aliyelijua: mimba zangu mbili zilizotoka. Hakusema pole. Hakusema Mungu ana makusudi yake. Alivuta ungo upande wake, akamalizia mchicha wote peke yake, akaniacha nikae tu. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nina dada, si mdogo tu.

Kwenye mambo mapya tulianza na kuogelea. Aibu yetu hiyo: watoto wa Tanga, bahari iko mlangoni, na hakuna anayejua. Wakati wavulana wanakwenda kujirusha Raskazone, sisi tulibaki kukuna nazi. Tulijiandikisha kwa mwalimu wa kwenye bwawa. Somo la kwanza ni kuelea: mmoja analala juu ya maji, mwenzake anaweka viganja chini ya mgongo. Nilikakamaa kama gogo. "Dada, niachie uzito," akasema mdogo wangu. "Nimekushika." Si mchezo kumwachia uzito wako mtu uliyemfunika nepi!

Jambo la pili lilikuwa treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Chini ya saa mbili uko Morogoro. Tulibeba chapati na choroko, tukashukia sokoni kununua karoti na njegere zinazotoka Mgeta, juu milimani Uluguru, na jioni tuko Tabata tunapika.

Na mume wangu je? Yeye hakuacha mishkaki yake, wala hakuna aliyemwomba aache. Tulikubaliana Jumatano na Jumamosi sufuria ni moja, isiyo na nyama. Mwanzo alinuna kidogo. Siku hizi ndiye anayeuliza kama yale makande ya nazi yapo.

NA MAMA JE?

Ramadhani ya 2025 tulikwenda nyumbani. Njiani mdogo wangu akaniambia hataki kujieleza tena. Anataka kumwomba mama amfundishe kupika mbaazi za nazi.

Mama alishangaa, lakini hakuna mama wa Tanga anayekataa kufundisha kupika. Wakakaa jikoni mchana kutwa, mmoja anakuna, mwingine anakamua tui. Jua lilipozama, mkekani kulikuwa na magimbi ya nazi, mihogo, kunde, tambi, mbaazi, na mahamri ya tui na iliki, ambayo kwetu hayajawahi kuona maziwa. Mdogo wangu alikuwa anaonyesha kwa kidole: "Mama, hiki nakula. Hiki nakula. Na hiki pia." Kitu pekee alichoruka kilikuwa bakuli la samaki.

Mama alitafuna taratibu. "Kumbe unakula chakula cha bibi yako," akasema. "Sisi samaki tulimwona mitumbwi ikijaliwa. Siku nyingine zote ni hivi."

Hajakubali, tusidanganyane. Mpaka leo tukienda anamwekea kipande cha samaki kando, kimefunikwa, "labda utabadili mawazo". Lakini siku hizi simu anampigia mwenyewe, kumuuliza vidonge amemeza.

Mdogo wangu ameshapata chumba chake Segerea. Jumamosi haijahama.

UKIPATA VEGANI NYUMBANI
- Muulize anakula nini, si kwa nini. Sababu atakwambia mwenyewe siku yake.
- Usimtolee nyama kwenye mchuzi ukasema imekwisha toka. Mchuzi ni uleule.
- Anza na vya kwetu: mbaazi, kunde, kisamvu cha karanga bila dagaa, mlenda, bamia, ndizi za nazi. Huna haja ya kununua vya bei mbaya.
- Mpikie pamoja naye. Ukimpikia unakuwa mwenyeji. Mkipika wote mnakuwa ndugu.

MBAAZI ZA NAZI (watu 4)
Mbaazi kavu vikombe 2, nazi kubwa 1, kitunguu 1, pilipili hoho 1, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi 1, chumvi.

Loweka mbaazi usiku kucha. Mwaga maji, weka mapya, chemsha mpaka ziwe laini, kama saa moja au zaidi. Kuna nazi, kamua tui zito weka kando, kisha kamua tui jepesi. Kwenye mbaazi tia tui jepesi, kitunguu na hoho vilivyokatwa, bizari na chumvi. Acha vichemke mpaka tui lipungue. Tia tui zito na pilipili mbichi nzima, punguza moto, koroga polepole bila kufunika ili tui lisikatike. Likianza kuchemka na kuwa zito, epua. Kula na mahamri, na ndimu pembeni.