Paka Anapotapika: Kutofautisha Kabla ya Kutibu

Wahenga walinena kuwa paka wa nyumba haingwa. Methali hii yamtambua mnyama huyu kuwa mwenyeji, mwenye haki ya kula makombo ya watu na kujilaza jikoni mwao. Hata hivyo, haki hiyo huyumba siku anapokirudisha chakula mkekani punde tu baada ya kula. Mmoja atasema ni ulafi, wa pili atashuku sumu ya panya, na wa tatu atamtoa nje kwa ufagio. Wote lakini watakubaliana juu ya neno moja: ametapika. Neno hilo likishatamkwa, uchunguzi hukoma, ilhali hapo ndipo ulipopaswa kuanza.

Kiswahili hakikosi msamiati wa kulipambanua tukio hili. Mama anayenyonyesha hashtuki mtoto anapocheua maziwa kidogo begani mwake. Mtoto akitapika mfululizo, mama huyo halali. Tofauti hiyo ndiyo daktari wa mifugo huitafuta kwa paka. Paka anayecheua hatangulizi ishara nyingi. Huinamisha kichwa, na chakula kikatoka bila tumbo kujikamua. Aghalabu hutoka kizima, kimefunikwa ute, pengine kwa umbo refu kama mrija, kwa kuwa hakijafika tumboni. Kilikuwa kingali katika umio. Anayetapika hushikwa kwanza na kichefuchefu. Hulamba midomo, hudondokwa na mate, kisha tumbo lake hujikaza kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kutoa kitu. Kitokacho mara nyingi kimeanza kusagwa, na huenda kikachanganyika na nyongo ya manjano.

Sababu zenyewe ni nyingi, na si zote za kutisha. Paka alaye kwa pupa, hasa anayegombea sahani moja na wenzake, humeza bila kutafuna. Huyu hufaa apewe chakula kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, katika sahani pana na mahali pa utulivu. Fauka ya hayo, ulimi wa paka una vijimiiba vilivyoelekea kooni. Kila anapojilamba humeza manyoya, nayo hukusanyika tumboni hadi yatoke kama kitonge. Maziwa nayo, ambayo wengi huyadhani kuwa haki yake ya kuzaliwa, huwasumbua paka wengi waliokomaa, kwani kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Kubadilisha chakula ghafla na kuwa na minyoo pia huweza kumtapisha.

Zipo sababu nyingine zisizosubiri kesho. Uzi wa kushonea uliomezwa unaweza kunasa chini ya ulimi na kuukunja utumbo. Anayeuona ukining'inia hapaswi kuuvuta, kwani huenda ukaukata utumbo kwa ndani. Maua ya lili yanayopamba sebule huharibu figo za paka hata akionja kidogo tu. Kwa paka mzee, kutapika mara kwa mara huku akikonda kunaweza kuashiria ugonjwa wa figo au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Naye anayecheua kila alapo huenda ana kasoro katika umio. Damu katika matapishi, unyonge, kushindwa kuhifadhi hata maji, au tumbo lililovimba ni dalili za kumpeleka kwa daktari siku iyo hiyo. Vivyo hivyo anayesusia chakula: akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta hujazana katika ini na kumhatarisha maisha.

Papo hapo hujitokeza kishawishi cha kumtibu kwa dawa zilizomo kabatini. Ni kishawishi cha kuepukwa. Parasetamoli, ambayo binadamu huimeza bila wasiwasi, ni sumu kwa paka, kwa maana ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja. Huruma isiyo na maarifa huweza kuua upesi kuliko maradhi yenyewe.

Linalomsaidia zaidi mnyama huyu ni ushahidi. Alikula nini, na muda gani ulipita kabla ya chakula kutoka? Tumbo lilijikamua au halikujikamua? Kilichotoka kilikuwa na rangi na umbo gani? Limetokea mara ngapi juma hili? Daktari, hata awe amehitimu Kabete, hakuwapo mkekani. Hutegemea maneno ya aliyekuwapo. Akiambiwa tu kwamba paka ametapika, atalazimika kuanza kupapasa gizani. Akiambiwa kuwa amecheua chakula kizima dakika chache baada ya kula, bila kichefuchefu, ameshaonyeshwa pa kuanzia. Paka hana lugha ya kujieleza kwa daktari. Anayeishi naye anayo, na uteuzi wake wa kitenzi kimoja badala ya kingine waweza kuamua kama mnyama huyo atatibiwa umio au tumbo.