Tujifunze Biashara Tungali Shuleni

Wako wazazi, tena wengi, wanaodhani kwamba biashara ni kimbilio la mtoto aliyeshindwa mtihani. Likizo iliyopita nilimweleza baba kuwa nimechaguliwa kuwa mtunza hesabu wa chama cha ujasiriamali hapa shuleni. Akaniuliza, "Mwanangu, kuuza mayai nako kwahitaji kidato cha nne?" Sikumjibu, maana tulikuwa na wageni na si adabu kubishana na mzazi mbele yao. Leo, kwa kuwa gazeti hili humfikia nyumbani, naomba nimjibu kwa heshima, pamoja na wazazi wengine wenye swali kama lake.

Chama chetu kina kuku wa mayai 60. Kuku mmoja hula yapata gramu 120 za chakula kwa siku; basi kuku wote hula kilo 7 na gramu 200, na gunia la kilo 50 huisha kwa siku saba hivi. Muhula huu tulilinunua gunia kwa shilingi 64,000. Kila wiki tulipata kama trei 11 za mayai, tukaziuza kwa shilingi 9,000 kila moja, jumla shilingi 99,000. Ukitoa gharama ya chakula, zabaki shilingi 35,000.

Fedha hizo ndizo zilizotugombanisha. Wanachama wengi walitaka tugawane kila Jumamosi, wakisema jasho ni letu. Wala madai yao hayakuwa ya kipuuzi, kwani wapo wenzetu wasioletewa hata fedha ya sabuni kutoka nyumbani. Mwalimu mlezi hakutuamulia. Aliandika maswali matatu ubaoni, kisha akatoka. Chanjo ya kideri, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, itanunuliwa na nani? Kuku hawa wakizeeka na kupunguza kutaga, vifaranga vipya vitatoka wapi? Na wanafunzi watakaoingia kidato cha kwanza mwakani, watakuta kuku au watakuta banda tupu?

Tulijadiliana jioni mbili. Mwishowe tulikata shauri hivi: kila wiki shilingi 15,000 ziwe akiba ya vifaranga, 10,000 za chanjo, maranda na trei, na 10,000 zilizobaki ziwe mfuko wa kumkopesha mwanachama mwenye shida, bila riba. Wanachama wawili walijitoa kwa hasira. Mmoja amekwisha kurudi. Mwezi uliofuata mwenzetu aliitwa nyumbani kwa ugonjwa wa mama yake, na nauli yake ilitoka katika mfuko ule.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua, mathalani kama fedha walizozichuma zikodi trekta, au zitumike kwa jambo jingine nao walime kwa mikono. Penginepo jembe lilibaki, uamuzi ukapotea, na kulima shamba la shule kukawa adhabu ya mchelewaji. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Hilo ni jema. Lakini wadogo zetu wakikariri maana ya ujasiriamali bila kuamua lolote juu ya fedha halisi, watakuwa kama mtu aliyefundishwa kuogelea ubaoni.

Tena elimu hii haiishii kwenye lango la shule. Likizo ileile nilimwomba mama, auzaye vitumbua, aniruhusu niandike hesabu zake kwa wiki moja. Bei ya mchele, nazi, sukari na mafuta aliijua kwa kichwa kuliko mimi kwa kalamu. Mkaa tu ndio hakuwa ameuhesabu, kwa kuwa hununuliwa pamoja na ule wa kupikia chakula cha nyumbani. Tulipoutenga, faida ilipungua sana. Mama akacheka, akasema, "Kumbe majirani nawapikia kwa moto wa bure!" Tangu siku hiyo mkaa wa vitumbua una debe lake.

Wenzangu wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho. Wengine tutaendelea na kidato cha tano, wengine hatutaendelea. Lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye hatashika fedha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi baba, kuuza yai hakuhitaji kidato cha nne. Kujua yai limegharimu kiasi gani, na kukubaliana na wenzio juu ya faida yake, ndiyo elimu niliyoipata hapa, nami nakushukuru kwa kunileta.