Majumba Yaliyobomoka na Swali la Mwanafunzi

Waswahili wana methali isemayo kuwa dunia ni mti mkavu, kiumbe asiuelemee. Sisi tuliotumia maisha yetu kufundisha fasihi twaweza kusema bila kusita kwamba methali hiyo imebeba dhamira moja kongwe kuliko zote tulizopata kuzieleza ubaoni. Mshairi wa kale ameishika, mtunzi wa tamthilia ameiweka jukwaani, na mwandishi wa riwaya ameipa wahusika na nchi ya kukaa. Hata hivyo, twakiri kuwa tuliifundisha kwa miaka mingi kabla ya kuielewa, na aliyetuelewesha alikuwa mwanafunzi wetu mwenyewe.

Tulizaliwa karibu na mji wa Masaka, kusini mwa Uganda. Baba yetu alikuwa na nyumba ya bati, na upande wa mbele alifungua duka dogo la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Mwaka 1973 Kiswahili kilikuwa kimetangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa letu, lakini sisi watoto hatukukijua kwa mashairi wala kwa hadithi. Tulikijua kwa sauti za askari mlangoni usiku: simama, fungua, toa. Mapema mwaka 1979 vita vilipofika Masaka, tulikimbilia kwa ndugu zetu kijijini. Waliokuja kuwaondoa askari wale nao walisema Kiswahili, na kwa mara ya kwanza tukasikia lugha ile ile ikitamka "pole, mama". Tuliporudi, mji ulikuwa umevunjwavunjwa. Nyumba yetu haikuwa na paa, na katika rafu alizokuwa akipanga baba makopo ya mafuta, ndege walikuwa wamejenga viota. Baba alisimama kizingitini kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kuingia.

Miaka kadhaa baadaye, tulipokuwa chuoni, tuliletewa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Lugha yake ya kaskazini mwa pwani ilitutaabisha, na kila ubeti ulitaka kamusi na subira. Lakini tulipofika mahali ambapo mshairi anaeleza majumba ya matajiri wa Pate, yale madaka yaliyopangwa sahani yakiwa sasa makazi ya makinda ya ndege, kitabu kilitutoka mikononi. Tuliona rafu za baba. Mtu wa kisiwa tusichokiona kamwe, aliyefariki zamani kabla ya kuzaliwa babu zetu, alikuwa ameisimulia nyumba yetu, tena kwa lugha ile tuliyoiogopa. Tangu siku hiyo tuliazimia kuwa walimu wa Kiswahili.

Basi tukafundisha. Tulizoea kuwapanga vijana wetu vitabu vitatu kwa pamoja, ili waone jinsi dhamira moja inavyopita katika tanzu mbalimbali: Al-Inkishafi kwa upande wa ushairi, Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Samuel Mushi mwaka 1968, na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kila mwaka tuliandika ubaoni maneno yale yale: dhamira kuu, ukubwa haudumu. Wanafunzi walinakili, mtihani ukaja, wakafaulu, wakaenda zao.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha nne, mtoto wa mama muuza ndizi, alinyoosha mkono. Akasema kwa adabu: "Mwalimu, mshairi analilia majumba yaliyobomoka. Sisi ambao hatujapata kuwa na jumba, tulie nini?" Wenzake walicheka. Sisi tukajibu kwamba fasihi ni ya watu wote, jibu ambalo halijibu kitu, tukaendelea na kipindi. Tulijua tumemdhulumu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeusoma utungo ule kama watu walionyang'anywa. Hatukuwa tumewafikiria wale ambao hawakuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Usiku ule tulivifungua vitabu upya, si kwa ajili ya mtihani. Tukagundua kwamba Sayyid Abdalla hazungumzi na matajiri hata kidogo, walikwisha kufa. Anazungumza na moyo wake. Anaukemea kwa kuwa umeona magofu kwa macho, na bado unaitamani dunia. Magofu ni ushahidi tu. Mshtakiwa ni moyo. Na moyo anao kila mtu, wa jumba la mawe na wa kibanda cha udongo.

Tukamgeukia Makbeth. Huyu hakuwa maskini wala mnyonge. Alikuwa shujaa, mtu wa cheo, mwenye kuheshimiwa na mfalme wake. Mfalme Duncan anamjia akiwa mgeni, analala chini ya paa lake, na humo humo anauawa. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa uzito wa kumuua mgeni. Twaona kuwa nyumba ya Makbeth ilibomoka usiku ule, ingawa kuta zake zilikuwa bado zimesimama na yeye alikuwa bado hajavikwa taji. Mengine yote yafuatayo, vita na msitu unaoonekana kutembea, ni vumbi la nyumba iliyokwisha kuanguka.

Lakini kitabu kilichomkaribia zaidi msichana yule kilikuwa Kusadikika. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, kuitafutia nchi yao mambo mema. Wanarudi na habari za manufaa, na malipo yao ni gereza. Karama anasimama barazani mbele ya mfalme, akishtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Hana mali wala jeshi. Ana ulimi na ukweli. Siku baada ya siku anasimulia, mpaka wafungwa wanafunguliwa. Hapo tukatambua kuwa dhamira yetu ina nyuso mbili. Kwa mwenye nacho, kusema dunia haidumu ni onyo. Kwa asiye nacho ni tumaini, kwa sababu dhuluma nayo ni sehemu ya dunia, na haidumu.

Juma lililofuata tulirudi darasani, tukamwomba radhi mbele ya wenzake, tukatoa maelezo hayo. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: "Mwalimu, mshairi anauliza walikokwenda mabwana. Haulizi walikokwenda wale waliokuwa wakiwapepea." Safari hii hakuna aliyecheka. Tulisema kweli, hauliza. Na tukamwambia kwamba swali hilo ameachiwa yeye alitungie. Tulitamani kuongeza neno, tukaona afadhali kunyamaza.

Ndugu walimu, tumeyaandika haya kwa sababu wakati umebadilika. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hizi ni habari njema. Lakini sisi tuliokutana na lugha hii kwa amri tunajua kuwa amri peke yake haimfanyi mtu aipende lugha. Tukiwapa vijana orodha ya dhamira wakariri, tutakuwa tumewarudishia sauti ile ya mlangoni, ingawa safari hii imeshika chaki badala ya bunduki.

Yafaa basi tuwape vitabu vyenyewe, pamoja na ruhusa ya kuviuliza. Baba yetu hakupata kujua kusoma, na nyumba ile hakuijenga tena. Lakini jioni moja, kabla ya kufariki, tulimfasiria beti chache za mshairi wa Pate. Alisikiliza, akauliza mtu huyo alikuwa wa kabila gani. Tulipomjibu, akatikisa kichwa, akasema: "Naye aliingia ndani kutazama. Mimi nilishindwa."