Mizani Hupimwa kwa Pumzi

Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, niliingia Kidato cha Tatu na shairi la tarbia. Nikanakili beti ubaoni, tukaanza kuhesabu kwa vidole: mizani 16 kila mshororo, 8 ukwapi, 8 utao. Ubeti mmoja tu, darasa zima miayo.

Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani hili haliimbwi?"

Aisee, niliona aibu. Nasomea ualimu wa Kiswahili, na sikuwahi kughani shairi mbele ya watu. Nikamwambia aanze yeye.

Akaanza. Kwenye mizani ya 8 anatua, anavuta pumzi, anaendelea. Kwenye kina cha mwisho mdomo unafunguka kwa ile "a", sauti inabaki hewani. Wenzake wakadakia, nami nikajiunga, kifua kikatetemeka.

Ubeti wa tatu tukajikwaa wote. Mshororo ulikuwa na mizani 14! Niliruka neno wakati wa kunakili. Macho yangu yalipita hapo bila kushtuka, ulimi ukakataa.

Wenzangu mnaoenda mazoezini mwaka huu, kabla ya kushika chaki, lighanini kwanza hostelini. Jirani akilalamika, mwambieni aitikie.