Harufu ya Udongo

Bila shaka umepata kunusa harufu tamu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha juu ya nchi kavu. Utotoni nilidhani harufu ile ni ya mvua. Sivyo. Kitu kinukacho huitwa jiosmini, na hufanywa na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces, ambayo mwaka 1943 ilitupa streptomisini, dawa ya kifua kikuu.

Bakteria hufanya vitu hivi kwa vimeng'enya, yaani protini zitendazo kazi mithili ya mafundi. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walipima kimeng'enya kimoja chenye nusu mbili. Nusu ya pili ilipoondolewa, ya kwanza iliendelea na kazi yake kama desturi. Basi ile ya pili ikaonekana haina faida. Lakini mwaka 2007 Jiaoyang Jiang, Xiaofei He na David Cane walionyesha kuwa nusu ile hupokea kilichofanywa na mwenzake, ikakigeuza kuwa jiosmini. Fundi aliyetafutwa alikuwamo nyumbani siku zote.

Habari hii ilinitia haya. Nilikuwa na ndugu mkimya, nami nikimwita mzigo. Nilipokwenda mjini kutafuta elimu, ni yeye aliyelima shamba na kumwuguza mama hata akapona. Msomaji, usimwite mtu bure kabla hujaiona kazi mwisho wake.