Damu Yetu Wawili

Mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alifika nyumbani kwetu Thongpiny na habari njema ya kwamba amepata mchumba. Kabla hata sijamtilia chai nikamwuliza, "Je, mmekwisha kupima damu?" Ikawa ndege inaruka kutoka uwanjani. Hapa kwetu, ndege inaporuka, mazungumzo husimama mpaka ipite. Siku ile ilipita, na wazee waliokuwa barazani wakaendelea kunyamaza.

Shangazi yake mume wangu ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, tangu lini posa ikapelekwa hospitali?"

Sikuuliza kwa ufidhuli, na kwa kuwa nimekwisha kulaumiwa, naona afadhali nieleze sababu.

Binti yetu ana umri wa miaka tisa. Alipokuwa na miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba, akalia usiku kucha. Tulimpeleka kwenye zahanati moja tukapewa dawa ya malaria. Tukarudi, tukapewa tena. Kwa muda wa miaka miwili mtoto alitibiwa malaria, na mara nyingine kweli ilikuwa malaria, ndiyo maana hatukushuku. Mwishowe tulipanda basi, tukavuka mpaka Nimule, tukafika Kampala. Huko katika hospitali ya Mulago iko kliniki ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Damu ya mtoto ikachunguzwa, kisha tukatolewa damu sisi wazazi. Mtoto alikuwa na ugonjwa kamili. Sisi, kila mmoja, tulikuwa tumebeba nusu yake, ilhali hatujapata kuumwa kwa sababu hiyo hata siku moja.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kabla sijaingia kazi ya serikali nilisomea ualimu nikapata cheti, na katika mazoezi ya kufundisha niliwaonyesha watoto, kwa maharage meupe na mekundu, jinsi urithi unavyotoka kwa baba na mama. Nilisifiwa kwa somo lile. Wala haikunipitikia kwamba maharage yale yalikuwa damu yangu.

Usiku ule Kampala nilichora miraba minne nyuma ya karatasi ya dawa ili mume wangu aelewe. Kila mzazi ana jeni mbili za damu: moja nzima, moja yenye kasoro, na humpa mtoto moja tu. Mraba mmoja, mtoto amepata nzima mbili. Miraba miwili, amepata mchanganyiko, yaani amekuwa kama sisi. Mraba wa nne amepata kasoro mbili, na chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, zikafa mapema. Ndiyo maana ya uchungu ule wa mifupa, na macho yale ya manjano. Mume wangu akasema, "Basi mmoja ameugua, watatu watakaofuata ni wazima." Ikanibidi nimweleze kwamba sivyo, kila mimba huanza hesabu upya.

Ugonjwa huu si laana ya ukoo, kama alivyodhani mama mkwe. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu aliyebeba nusu hukingwa kwa kiasi na malaria kali, na ndiyo sababu jeni hii imeenea penye mbu wengi. Nchini Uganda walipima damu ya watoto wachanga karibu 100,000, na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2016 ilionekana kuwa watoto 13 hivi katika kila 100 wameibeba nusu hiyo. Kwa hiyo hatuko peke yetu, ingawa barazani kwetu huonekana kana kwamba tuko peke yetu.

Miaka minne iliyopita tulitamani mtoto wa pili. Daktari mmoja akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Mayai ya mama hutolewa, yakachanganywa na mbegu ya baba maabarani. Kiinitete kikikua kwa siku tano hivi, huchukuliwa chembe chache za upande wa nje zikachunguzwa. Kile kisicho na ugonjwa ndicho kiwekwacho katika tumbo la uzazi. Kazi hii ilianza London mwaka 1990, na mwaka 1999 ikatangazwa New York kwamba wamezaliwa pacha wazima wa wazazi waliokuwa kama sisi. Uzazi wa maabara wenyewe ulifika Kampala mwaka 2004. Lakini hata baada ya gharama zote hizo, mimba huweza kukataa kushika. Mume wangu aliposikia bei alicheka, akasema hizo ni ng'ombe za mahari ya wasichana wawili. Nami nikacheka, maana mshahara wangu nilikuwa naujua.

Tungalikuwa na fedha, tungalikwenda? Nilidhani jibu ni jepesi, mpaka jioni moja nilipokuwa nikimweleza jirani habari hizi, na binti yangu yuko kando, anakunywa maji yake. Yeye hana budi kunywa maji mengi, hasa katika joto hili la Juba. Akauliza, "Mama, na mimi wangenipima hivyo, wangeniweka?"

Nilimwambia kwamba yeye tayari yuko, na kuwa nampenda. Hakuuliza hilo. Ni mtoto mwerevu. Aliniangalia, akarudia maji yake. Tangu siku ile nimelipima neno lake kila upande. Sioni dhambi kumwepushia mtoto ajaye maumivu niliyoyaona kwa macho yangu, na kama mlango ule ungefunguka kesho ningeingia. Lakini nisingeweza kuingia nikijidanganya kwamba huku nyuma sikumwacha mtu mlangoni.

Hatukuzaa tena. Binti yetu hutumia dawa zake, chandarua hakikosi, na mwaka huu amelazwa mara moja tu.

Kupima damu kabla ya kuoana ni jambo la tone moja la damu. Mimi sikumwambia shemeji amwache mchumba wake. Niliwaambia wajue, kisha waamue wao. Sisi hatukupata nafasi ya kuamua. Juma lililopita walikwenda wote wawili, kimya kimya, bila kuwaambia wazee. Shangazi bado hanisemeshi. Majibu yatatoka Alhamisi.